Chupa Juu ya Bati: Historia ya Jua Kusafisha Maji

Leo nimekuja na hadithi, lakini si ya sungura na fisi. Ni historia ya kweli ya jinsi watu walivyogundua kwamba jua hili hili linalotuchoma tukipalilia linaweza kuua vijidudu vya kuharisha vilivyo ndani ya maji, na jinsi ilivyochukua zaidi ya miaka mia moja kujua ni chombo gani kinachofaa kuwekea maji hayo. Nitaieleza kwa kirefu kidogo. Wengi wetu tumeshaambiwa "anika maji juani," lakini tusipojua kwa nini chupa hii inafaa na ile haifai, tutaanika chupa yoyote tu. Mtoto ataendelea kuharisha, na lawama zote zitaliendea jua.

Kuna mama niliyemtembelea nyumbani kwake akanionyesha chupa zake tano juu ya bati. Alikuwa amezilaza vizuri, zote zimefungwa vifuniko. Tatu zilikuwa chupa angavu za maji ya dukani. Mbili zilikuwa za soda, rangi ya kijani kibichi. Aliniuliza, "Sista, si jua ni moja?" Ndiyo mama, jua ni moja, lakini ukuta wa chupa ni mlango, na si kila mlango unaomruhusu kila mgeni kuingia. Swali lake ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya.

Turudi nyuma hadi mwaka wa 1877. Huko Uingereza, watu wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, walichukua mirija ya glasi wakaitia maji ya sukari yenye virutubishi, yale ambayo vijidudu hupenda kukulia. Mirija mingine waliiacha wazi juani. Mingine waliifunika kwa karatasi ya risasi ili jua lisipenye. Baada ya siku kadhaa ile iliyofunikwa ilikuwa imefanya ukungu, maana vijidudu vimejaa tele. Ile iliyopigwa na jua ilibaki safi. Waliendelea kuchunguza wakaona kwamba si mwanga wote unaofanya kazi sawa. Ule ulio upande wa bluu na zambarau wa upinde wa mvua ndio uliokuwa mkali zaidi kwa vijidudu kuliko ule wa upande wa nyekundu.

Hapo ndipo tunapokutana na jina ambalo huenda umelisikia redioni au kusoma kwenye chupa ya mafuta ya kujipaka: miale ya urujuanimno. Ni miale iliyo nje kidogo ya ile zambarau ya mwisho unayoiona kwenye upinde wa mvua. Macho yetu hayaioni. Ngozi inaihisi baadaye, ikishaungua. Mwaka wa 1932 wanasayansi waliokutana mjini Copenhagen, nchini Denmark, walikubaliana kuigawanya katika makundi matatu, A, B na C, na mgawanyo huo ndio tunaoutumia hata leo. C ndiyo kali kuliko zote, lakini ile itokayo kwenye jua huzuiliwa huko juu angani, haitufikii. B hutufikia kiasi kidogo. A hutufikia kwa wingi. Yashike makundi hayo matatu, kwa sababu historia yote iliyobaki ni ya kutafuta ni kitu gani kinachopitisha kipi.

Copenhagen haikuchaguliwa bure. Mji huo ndiko alikofanyia kazi daktari Niels Finsen, mzaliwa wa visiwa vya Faroe, mtu aliyekuwa mgonjwa sehemu kubwa ya maisha yake na aliyependa sana jua. Mwaka wa 1896 alifungua taasisi ya kutibu kwa mwanga. Wagonjwa wake wengi walikuwa na kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukila nyuso za watu, pua na midomo, hadi wakajificha wasionekane na majirani. Finsen aliukusanya mwanga mkali kwa lenzi akaulenga kwenye kidonda. Lenzi zake hazikuwa za kioo cha kawaida. Alitumia jiwe angavu la asili liitwalo kwatsi, kwa sababu kioo cha kawaida humeza sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, nalo jiwe hilo huipitisha. Kati ya lenzi aliweka maji ya kupunguza joto ili mgonjwa asiungue. Mwaka wa 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwaka uliofuata alifariki, akiwa na umri wa miaka 43 tu.

Kwatsi hiyo hiyo ndiyo iliyoutoa mwanga huu hospitalini na kuupeleka kwenye maji. Mafundi walipojua kutengeneza taa za zebaki zenye ganda la kwatsi, mji wa Marseille nchini Ufaransa uliweza kujaribu kusafisha maji ya kunywa kwa taa hizo mwaka wa 1910. Zilikuwa ghali na za kuharibika haraka, na klorini ikazishinda kwa bei. Kwa hiyo wazo likalala.

Kabla sijaendelea na maji, kuna jambo la pembeni linalowahusu akina mama wenye watoto wachanga. Mwaka wa 1919, mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwachukua watoto waliokuwa na mifupa laini, ule ugonjwa unaoleta matege, akawaweka chini ya taa ya zebaki na kwatsi. Mifupa yao ilianza kupata nguvu. Cha kushangaza ni kwamba alipouangazia mkono mmoja tu, mkono wa pili nao ulipona, ishara kwamba mwili wenyewe unatengeneza dawa ndani kwa ndani na kuisambaza. Siku hizi tunaijua dawa hiyo kwa jina la vitamini D, na miale inayoianzisha ni ile ya kundi B. Sasa sikiliza vizuri. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu miale yote ya kundi B. Katika miaka ya 1920 Waingereza walilitambua jambo hilo wakatengeneza kioo maalum cha kuipitisha, wakakiweka katika baadhi ya shule na hospitali, na hata kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya London. Kioo cha dirisha lako wewe si cha aina hiyo. Mama anayekaa na mtoto ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha lililofungwa, akidhani anamwotesha jua, anampa joto tu. Mtoje nje asubuhi, kwa muda mfupi, kichwa na macho vikiwa na kivuli.

Basi turudi kwenye maji, na tusafiri hadi Lebanon. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza huko mwaka wa 1975. Mahali penye vita hukosa mafuta ya kuchemshia na dawa ya maji, na watoto huharisha. Katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut alikuwako mwalimu aitwaye Aftim Acra. Yeye na wenzake walikuwa wakifikiria juu ya ile dawa tunayowapa watoto wanaoharisha, maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS. Pakiti ni salama, lakini mama ataikoroga na maji gani? Kama maji yana vijidudu, tunamrudishia mtoto ugonjwa kwa kikombe cha dawa. Acra aliyatia maji hayo katika vyombo angavu akayaweka juani, naye akaona vijidudu vinakufa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la madaktari la Lancet mwaka wa 1980, na mwaka wa 1984 UNICEF ikatoa kijitabu chake kinachoeleza njia hiyo.

Mimi namheshimu Acra kwa jambo moja hasa. Hakuishia kusema jua linaua vijidudu, maana hilo lilijulikana tangu 1877. Alijaribu vyombo ambavyo mama anavyo jikoni, vya glasi na vya plastiki, vya rangi na visivyo na rangi. Visivyo na rangi vilifanya kazi vizuri, na vya bluu hafifu vilifuata. Chombo cha kahawia ni kama kivuli. Si ajabu, kwani hata dawa za maji hospitalini huwekwa katika chupa za kahawia ili mwanga usiziharibu. Kile kinachoilinda dawa na mwanga ndicho kinachokilinda kijidudu. Chupa za kijani nazo huzuia sehemu kubwa ya mwanga tunaouhitaji, na hilo ndilo jibu la yule mama wa chupa tano.

Lakini Acra alikuwa na shida ya vyombo. Glasi ni nzito na huvunjika. Bahati nzuri, kitu kingine kilikuwa kimeshazaliwa upande wa pili wa dunia bila kufikiriwa kabisa kwa kazi hii. Mwaka wa 1973 Mmarekani Nathaniel Wyeth alipata hataza ya chupa ya plastiki iitwayo PET, ngumu kiasi cha kuhimili gesi ya soda. Ilitengenezwa ili kuuza vinywaji. Leo ndiyo chupa ya maji unayonunua kwenye gari la abiria, ndiyo unayoikuta imetupwa kando ya barabara. Nyepesi, angavu, haivunjiki ikidondoka, na inapitisha sehemu nzuri ya miale ya kundi A.

Mwaka wa 1991 taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, EAWAG, ilianza kuichunguza njia hii kwa makini na kuipa jina la SODIS. Hapo ndipo kanuni nyingi tunazofundisha zilipatikana. Walipima plastiki moja moja. PET ilishinda. Ile iitwayo PVC waliiweka kando kwa sababu ina viungo vingi vilivyoongezwa na kiwanda. Utaitambuaje? Geuza chupa uangalie chini. Kuna pembetatu ndogo ya mishale yenye namba ndani. PET ni namba 1. PVC ni namba 3. Ukiona namba 7, acha, maana mara nyingi ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, ambayo kwa macho ni angavu kama hewa lakini inazuia miale ya urujuanimno. Mitungi mingi ya lita 20 ya maji ya ofisini imetengenezwa kwa plastiki hiyo. Hata kama mtungi huo ungekuwa PET, bado ni mnene mno. Miale hupungua nguvu kadiri inavyozama majini, kwa hiyo kina cha maji kisizidi sentimita 10. Chupa ya lita moja, moja na nusu au mbili, ikiwa imelazwa ubavu, ndiyo saizi yetu. Jerikeni ya manjano ya mafuta ya kupikia, hata ungeiacha juani wiki nzima, itakupa maji ya vuguvugu tu.

Sasa tunafika nyumbani Kenya. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti kutoka Ireland waliungana na wahudumu wa afya waliokuwa wakifanya kazi na jamii ya Wamaasai huko Kajiado. Maji ya huko, kama wenyeji wanavyojua, wakati mwingine yana rangi ya chai ya maziwa. Mwanga haupenyi tope. Hata hivyo, walipopima joto la maji katika chupa angavu za lita mbili zilizowekwa kwenye jua kali la Kenya, lilifika nyuzi 55. Wakaiga joto hilo kwenye maabara kwa maji yenye bakteria wengi mno wa kinyesi, na ndani ya saa saba bakteria wote walikuwa wamekufa. Hapo mwanga haukuhusika kabisa, ni joto lililofanya kazi. Huo ni msaada, lakini usiutegemee kila siku, kwa maana si kila mahali wala si kila mwezi maji hufika joto hilo.

Kisha wakafanya jaribio lenyewe. Watoto 206 wa umri wa miaka 5 hadi 16 walipewa chupa za plastiki. Nusu yao waliweka chupa juu ya paa, nusu wakaziweka ndani ya nyumba, kwa wiki 12. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 1996 yalionyesha kwamba wale wa juu ya paa waliharisha kwa kiasi cha asilimia 10 chini ya wenzao, na kuharisha kukali kulipungua kwa asilimia 24. Utasema ni kidogo. Ni kweli, si muujiza. Mtoto hunywa maji mengine akichunga, hula kwa mikono michafu, nzi hutua kwenye kikombe. Mwaka wa 1999 walitoa matokeo ya watoto 349 wa chini ya miaka sita waliofuatiliwa mwaka mzima, na tena waliotumia jua waliharisha kwa asilimia 16 chini ya wengine.

Halafu kipindupindu kikaingia. Katika mlipuko uliozikumba sehemu nyingi za Kenya mwaka wa 1997 na 1998, ugonjwa ulifika mahali pale pale ambapo jaribio lilikuwa likiendelea. Hakuna aliyepanga hivyo. Walipohesabu baadaye, miongoni mwa watoto 155 wa chini ya miaka sita waliokuwa wakinywa maji ya juani, watatu tu ndio walioshikwa na kipindupindu. Miongoni mwa watoto 144 ambao chupa zao zilikaa ndani, walishikwa 20. Kwa watu wazima na watoto wakubwa hakukuwa na tofauti ya kutegemewa. Nimeziangalia namba hizo mara nyingi. Watatu na ishirini. Chupa ni zile zile, maji ni yale yale, na tofauti ni mahali chupa ilipolazwa. Anayefaidika hasa ni yule mdogo anayekaa nyumbani na kunywa kutoka chupa ya nyumbani siku nzima.

Katika miaka ya 2000 njia hii ilipelekwa hadi Kibera, Nairobi, na shirika la KWAHO, ambapo mabati yamegusana kuanzia nyumba hadi nyumba na kuni au makaa ni pesa. Na huko Nakuru, jaribio lililochapishwa mwaka wa 2011 lilifuatilia watoto wa chini ya miaka mitano. Siku za kuhara damu zilipungua kwa asilimia 44 kwa waliotumia chupa za juani, na kwa mwaka mmoja walirefuka kwa wastani wa sentimita 0.8 zaidi ya wenzao. Tumbo likitulia, chakula kinafanya kazi yake.

Sitaki mnidhanie kuwa nauza chupa. Kule Bolivia, jaribio kubwa katika vijiji 22, lililochapishwa mwaka wa 2009, halikuonyesha upungufu wa kuaminika wa kuharisha. Walipochunguza walikuta kwamba ni karibu theluthi moja tu ya familia zilizokuwa zikianika chupa kama ilivyotakiwa. Chupa iliyo kabatini haisafishi maji.

Mpendwa msikilizaji, nimezungumza sana juu ya kinachopitisha miale. Sasa kinachoirudisha. Akina mama wengi huniuliza kama waweke kioo cha kujitazamia nyuma ya chupa ili jua liwe mara mbili. Wazo si baya. Watafiti wa Dublin walichapisha mwaka wa 2001 kwamba karatasi ya alumini iliyowekwa nyuma ya chupa iliharakisha kufa kwa bakteria karibu mara mbili. Lakini walitumia alumini, na kuna sababu. Kinachong'aa machoni si lazima king'ae kwa miale ya urujuanimno. Alumini huirudisha vizuri sana. Kioo cha kujitazamia kina glasi mbele, na miale hulazimika kuipenya glasi mara mbili, kwenda na kurudi, ikipungua kila mara. Rangi nyeupe ya ukutani ndiyo inayodanganya zaidi, kwani rangi nyingi nyeupe zina unga unaomeza miale hiyo hiyo tunayoitaka, ingawa kwetu zinameremeta. Bati jipya linarudisha kiasi na pia linapata joto, hivyo linasaidia kwa njia mbili. Bati lililoshika kutu halirudishi kitu cha maana, lakini joto bado lipo. Kama una kipande cha alumini, hata sufuria kuukuu iliyofunguliwa ikasuguliwa, kitumie. Kama huna, bati linatosha. Usitumie pesa ya unga kununulia karatasi ya alumini.

Kuna hatari mbili hapa. Ya kwanza ni macho. Kitu kinachorudisha jua kinalirudisha pia kwenye uso wa mtoto anayekichungulia. Weka mahali ambapo watoto hawachezi, na usipende kukiinamia ukikagua chupa. Ya pili ni kupanda juu ya paa. Akina mama wajawazito wamekuwa wakipanda viti na madebe ili kuweka chupa. Hakuna haja. Chukua kipande cha bati, kiweke juu ya mawe au kichanja kifupi mahali penye jua siku nzima, na hapo pawe paa lako.

Tena, usinunue taa za miale ya urujuanimno ukidhani ni jua dogo la nyumbani. Wakati wa Korona mwaka wa 2020 taa hizo ziliuzwa kwa wingi, na Shirika la Afya Duniani likaonya watu wasizitumie kusafishia mikono wala ngozi. Nyingi hutoa miale ya kundi C, ile ambayo anga hutukinga nayo. Inaunguza ngozi na macho. Tena chupa ya plastiki haipitishi miale hiyo, kwa hiyo ukiweka chupa chini ya taa hiyo utaumiza macho na maji yatabaki yalivyo.

Wengine huogopa kwamba plastiki ikipata jua hutoa sumu. Ni swali zuri, na watafiti wa Uswisi walilipima mwaka wa 2003. Walikuta chembe kidogo sana za viungo vya plastiki, chini kabisa ya viwango vinavyokubalika katika maji ya kunywa. Mimi ninaogopa zaidi chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa au dawa ya mifugo. Hiyo usiitumie kamwe, hata ukiiosha mara kumi. Ninaiogopa pia chupa iliyokwaruzwa hadi ikawa kama ukungu, kwa sababu mikwaruzo inazuia mwanga na kuficha uchafu. Ibadilishe.

Kwa anayetaka kuanza kesho, fanya hivi. Osha chupa na kifuniko kwa sabuni, ondoa karatasi ya jina lote, maana nayo ni kivuli. Kama maji yana tope, yaache yatulie usiku kucha kisha uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Jaza chupa, isimamishe juu ya gazeti lenye kichwa cha habari kikubwa, uchungulie kutoka juu kwenye mdomo wa chupa. Ukiweza kusoma herufi zile, maji yako yako tayari. Usipoweza, yachuje tena au uyachemshe. Mwaga kidogo hadi ibaki robo tatu, itikise ili hewa ichanganyike, kwa sababu oksijeni huwaumiza bakteria inapopigwa na jua, kisha uijaze na kuifunga. Ilaze juani saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kama nusu ya anga au zaidi imefunikwa na mawingu, iache siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha, chemsha maji au tumia dawa ya klorini. Maji yakishapoa kunywa kutoka chupa hiyo hiyo au mimina kwenye kikombe safi, usiyarudishe kwenye mtungi wa zamani.

Jua halitoi floridi, ile inayofanya meno ya watu wa sehemu nyingi za Bonde la Ufa kuwa ya kahawia, wala chumvi, wala dawa za kunyunyizia mimea. Na kuna vijidudu vigumu, hasa vile vyenye ganda, vinavyohitaji muda mrefu zaidi kufa. Kwa hiyo mtoto mwenye utapiamlo au mtu mwenye kinga dhaifu, kama una kuni, mchemshie.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji haya wala mengine yoyote. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, hata wakati wa kiangazi. Na mtoto akiharisha, umri wowote, endelea kumnyonyesha, mpe ORS iliyokorogwa kwa maji yaliyokwisha kusafishwa na uimwage ikipita saa 24, kisha umlete kliniki akapate na vidonge vya zinki. Ukiona macho yamezama, hanywi, au kuna damu kwenye choo, usingoje asubuhi.

Yule mama wa chupa tano alizitoa zile za kijani akapandia dania.